Kabla hujarudisha taya nyuma, uliza ulimi utakaa wapi

Ukianza kupanga upasuaji wa kurekebisha taya, macho yote huenda kwenye meno na sura. Zoea kuuliza na swali la pili: ulimi utakaa wapi?

Msuli mkuu wa ulimi umejishika nyuma ya kidevu, upande wa ndani wa taya la chini. Mfupa wa hiyoidi, ule wa juu ya kongomeo, nao unaning'inia kwa misuli itokayo taya hilohilo. Taya likienda mbele, vyote hufuata na koromeo hupanuka. Ndiyo maana mgonjwa anayekatika pumzi usingizini husogezwa taya zote mbili mbele, mara nyingi kama milimita 10. Likirudi nyuma, ulimi hurudi nalo na koromeo hubanwa.

Mtego uko kwa mwenye kidevu kilichotokeza. Rahisi ni kurudisha taya la chini milimita 8, meno yakutane, kazi imeisha. Afadhali ugawe: la juu mbele 4, la chini nyuma 4. Meno yanakutana vilevile, na kwa wengi wao taya la juu ndilo lililodumaa tangu mwanzo.

Muulize mgonjwa, na zaidi anayelala naye chumba kimoja: anakoroma? Pumzi hukatika? Ukiwa na shaka, apimwe usingizi usiku kucha kabla hujapanga chochote. Pumzi ikikatika au kupungua mara 15 kwa saa, usipuuze. 30 ni hali kali.

Siti skani, picha ya kupimia upana wa koromeo, nayo hudanganya. Hupigwa mtu akiwa macho, na akimeza mate au akiinua kidevu kidogo tu, upana hubadilika. Picha za kabla na baada ziwe za mkao uleule, asimeze, mwishoni mwa kutoa pumzi. Tazama mahali pembamba kuliko pote. Ujazo wa jumla unaweza kuongezeka huku shingo ya chupa ikibaki ileile.

Taya la juu likipandishwa, punguza ukuta wa kati wa pua kwa kiasi hicho, la sivyo ukuta huo utapinda na kuziba tundu moja.

Wodini baada ya upasuaji, uvimbe hupanda kwa siku 2 hadi 3. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30, mashine ya kufyonza iwe imewashwa na kujaribiwa, na mkasi wa kukatia raba au waya zilizofunga taya ufungwe kitandani, si kabatini kwa sista. Mgonjwa akihangaika, akikataa kulala chali, usikimbilie dawa ya kumtuliza: washa tochi, tazama chini ya ulimi kama damu inajikusanya.