Maswali na Majibu: Kompyuta ya Kuhariria Video, Fedha Ianzie Wapi?

Barua za mwezi huu, karibu zote, zimetoka kwa watu wanaojipatia riziki kwa kupiga na kuhariri video za sherehe. Nimezifupisha, na nimezijibu nikijua kwamba mashine moja huwa ndiyo hiyo hiyo ya kazi, ya barua za ofisi na ya watoto kuangalia katuni Jumapili.

Nahariri video za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) na harusi hapa Jinja. Laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha sita, yenye RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka. Tangu tuanze kuchanganya picha za kamera na za iPhone, kila kitu kinakwama. Fundi ananiambia ninunue mashine mpya yenye kadi kubwa ya michoro. Nimsikilize?

Fundi wako amekuandikia dawa kabla ya kupima ugonjwa. Fungua mradi unaokwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende kwenye ukurasa wa grafu za utendaji (Performance), kisha ucheze sehemu ile ile inayokwama huku macho yako yakiwa kwenye grafu hizo. RAM ikiwa imejaa hadi juu, tatizo ni RAM. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 wakati prosesa imepumzika, tatizo ni diski. Prosesa ikipanda hadi kileleni na vingine vyote vimetulia, basi inashindwa kufungua faili zenyewe, na hapo ndipo ninapodhani wewe umekwama.

Sababu ya dhana yangu ni hizo picha za iPhone. Kuanzia iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo zinaweza kurekodi HDR ya biti 10, yaani picha yenye mwanga na rangi nyingi zaidi, katika mfumo wa kubana video uitwao H.265. Prosesa za Intel za kizazi cha sita zina mtambo maalumu wa kufungua H.265 ya biti 8. Ule wa kufungua ya biti 10 ulikuja na kizazi cha saba. Kwa hiyo laptopu yako inalazimika kufanya hesabu hiyo yote kwa nguvu ya prosesa peke yake, na hesabu yenyewe si ndogo, kwa kuwa mfumo huo hauhifadhi kila fremu, yaani kila picha moja ya video, kwa ukamilifu wake: huhifadhi fremu moja nzima, halafu nyingi zinazofuata hueleza tu kilichobadilika. Unapokata katikati ya ngoma, kompyuta hurudi nyuma kutafuta ile fremu nzima, ndipo ianze kujenga upya ile unayoitaka.

Hatua ya kwanza, basi, haigharimu hata shilingi: mwambie mwenye simu azime HDR kabla ya sherehe kuanza. Hatua ya pili ni proksi, yaani nakala nyepesi ambazo programu huzitumia wakati wa kuhariri, kisha huzirudisha faili halisi wakati wa kutoa kazi (export). Tengeneza proksi za mfumo uitwao DNxHR LB, zenye ukubwa wa 1080. Kila fremu ndani yake imehifadhiwa peke yake, na kwa fremu 25 kwa sekunde zitakula takribani GB 16 kwa saa. Iache mashine izitengeneze usiku wakati umelala.

Baada ya hapo ndipo ununue vitu viwili: SSD, yaani diski isiyozunguka, na RAM ya kukufikisha GB 16. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha chini uangalie aina ya RAM iliyomo, kwa sababu mashine za kizazi hicho nyingine hutumia DDR4 na nyingine DDR3L, na moja haiingii mahali pa nyingine. Nimemwona mtu akirudi dukani mara tatu kwa siku moja kwa kosa hilo, na nauli ya bodaboda ikakaribia bei ya RAM yenyewe. Kadi ya michoro isahau. Katika laptopu za aina yako haibadilishwi.

Kuhusu nafasi, fanya hesabu hii mwenyewe. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza GB 45 kwa saa. Kwanjula ya saa tano yenye kamera mbili ni GB 450, kabla hujaongeza proksi. Ndiyo maana nasema diski ndiyo gharama halisi ya kazi hii, ingawa hakuna anayejisifia diski mbele ya wenzake.

Kuna duka mjini Kampala linalouza kompyuta za mezani za Xeon zilizotumika Ulaya, zenye viini (core) 12 na RAM ya GB 32, kwa bei iliyo chini ya laptopu mpya. Zinafaa kwa video?

Zinafaa kwa kazi fulani, lakini soma jina la prosesa kwanza. Zile za Xeon E5, ambazo ndizo zilizojaa sokoni, hazina michoro ya ndani, yaani sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa yenyewe, na kwa hiyo hazina Quick Sync, ule mtambo wa Intel unaofungua na kufunga H.265 na mtangulizi wake H.264 kwa wepesi. Viini 12 vinatisha kwenye karatasi, lakini faili za kamera ndogo na za simu hufunguliwa vizuri zaidi na mtambo mmoja uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiichukua mashine ya namna hiyo, bajeti yako ijumuishe kadi ya michoro, na uhakikishe pawa saplai ina waya za kuilisha.

Mimi ningetafuta kompyuta ya mezani ya Core i5 au i7 ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-8500 ni cha nane, i7-10700 ni cha kumi. Jina likimalizika na herufi F, prosesa hiyo haina michoro ya ndani, kwa hiyo uiache. Kizazi cha nane ni mpaka wa maana kwa sababu nyingine pia: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya kizazi hicho. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 ikiwaka kwenye mashine ya zamani. Kuwaka si sawa na kukubaliwa.

MacBook Air ya M1 (laptopu ya Apple) yenye RAM ya GB 8 bado inafaa mwaka huu?

Kwa video za 1080 na za 4K za mkato rahisi, inafaa, na inatoa kazi kwa kasi inayowashangaza wenye laptopu za zamani. Lakini hiyo GB 8 haiongezwi kamwe, na diski ya ndani vilevile. Ukipata ya GB 16, ongeza hela uichukue hiyo.

Nilirekodi imbalu (sherehe ya tohara) hapa Mbale kwa simu mbili na kinasa sauti kimoja. Mwanzoni sauti inaendana na midomo, lakini baada ya dakika ishirini ngoma inayosikika na mkono unaoigusa haviendani tena. Je, kompyuta yangu imechoka?

Kompyuta yako haina hatia. Simu nyingi hazirekodi kwa idadi ya fremu isiyobadilika: mwanga ukipungua au simu ikipata joto, hupunguza fremu, kisha huziongeza tena. Programu ya kuhariri inategemea fremu 30 kwa kila sekunde, inapewa 29 na vipande, na tofauti hiyo ndogo hujikusanya hadi midomo inaachana na sauti. Kununua mashine ya mamilioni hakutarekebisha chochote.

Dawa ni kuzipitisha faili za simu kwenye HandBrake, programu ya bure, kabla hujaziingiza kwenye mradi. Kwenye ukurasa wa video, chagua idadi ya fremu isiyobadilika (Constant Framerate), kisha utoe faili mpya. Mwendo ukiwa bado unaachana kidogo, kata sauti ya kinasa kila baada ya dakika kumi na kuipanga upya kwa kutumia mlio unaoonekana wazi, kama pigo la kwanza la ngoma. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na saa mbili haziendi sawasawa kwa muda mrefu.

Kwa msimu ujao, weka simu zote kwenye fremu 25 kama zinaruhusu, na kinasa sauti kwenye kilohezi 48. Umeme wetu ni wa hezi 50, na fremu 25 pamoja na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1 kwa 50 hupunguza sana ule mpepeso wa taa unaoharibu picha za ukumbini.

Je, ni lazima ninunue programu ya kulipia kila mwezi?

Si lazima. Toleo la bure la DaVinci Resolve linatoa video hadi 3840 kwa 2160 kwa fremu 60, kiwango ambacho sherehe nyingi hazikifiki. Toleo la Studio ni dola 295 zinazolipwa mara moja. Mashine ikiwa dhaifu kwa Resolve, Kdenlive na Shotcut ni za bure na zote zinakubali proksi. Programu zilizovunjwa kufuli na kupitishwa kwenye flashi sokoni sizigusi. Nimefuta virusi vya kutosha kwenye mashine za wateja.

Umeme unakatika mara kwa mara. Je, kidhibiti cha volti (stabilaiza) kinatosha?

Kidhibiti kinalinda dhidi ya volti inayopanda na kushuka, lakini hakina akiba: umeme ukienda, mashine inazimika nacho. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, hata ndogo ya dakika chache, na diski za nje zichomekwe kwenye upande wa UPS wenye betri. Nilijifunza hilo usiku mmoja nilipokuwa nikinakili harusi kutoka kadi ya kamera kwenda diski ya nje. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na diski ikaamka ikisema haijaumbizwa (haijafomatiwa). Nilinusurika kwa sababu nilikuwa sijaifuta kadi. Tangu siku hiyo, kadi haifutwi kwangu mpaka faili ziwe zimefunguka kwenye diski mbili tofauti.

Wateja wanarudisha flashi wakisema video haionekani kwenye televisheni, lakini kwenye laptopu yangu inacheza. Nakosea wapi?

Televisheni nyingi husoma flashi za FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye flashi, na mfumo huo haukubali faili moja inayozidi GB 4. Ukiiumbiza flashi kwa exFAT au NTFS ili faili kubwa iingie, baadhi ya televisheni za zamani haziioni. Toa video ya 1080 katika H.264 kwa megabiti 8 kwa sekunde, ambayo inakula GB 3.6 kwa saa, na sherehe ndefu uigawe sehemu: mapokezi, utambulisho, chakula. Wateja wangu huipenda zaidi hivyo, maana shangazi hutaka kuruka moja kwa moja hadi pale anapoonekana yeye.