Kwa wanaoanza kupima umeme wa moyo: anzeni na mbavu

Wanafunzi wapya wakiletwa chumba chetu cha ECG hapa Kisumu, hakosi mmoja aliyekwisha kusoma kuhusu fulana yenye elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme wa mwili) zaidi ya 200, inayochora ramani ya umeme wa moyo bila kuingiza waya mwilini. Anataka tuzungumze kompyuta. Nafurahi sana kuulizwa, ila kwanza nampeleka kitandani tuhesabu mbavu. Mashine yoyote ile, kuukuu au ya kisasa, inaamini elektrodi iko pale ilipoambiwa iko.

Weka kidole kwenye kishimo cha chini ya koo, uteremke nacho juu ya mfupa wa kidari. Baada ya sentimita kama 5 utagusa kituta. Ubavu ulioungana hapo ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake, kati ya ubavu na ubavu, ni ya pili. Elektrodi za kifuani huitwa V1 hadi V6. Teremka hadi nafasi ya nne: V1 kulia mwa kidari, V2 kushoto. V4 inakaa nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga, na V3 katikati ya V2 na V4. V5 na V6 ziende usawa mmoja na V4 kuelekea kwapani, zisifuate ubavu unavyopinda.

Wengi hukadiria kwa macho, na mara nyingi V1 na V2 hupanda juu mno. Nafasi moja au mbili zikizidi, wimbi la R, kile kilele cha mchoro kinachopanda juu, linapungua, na daktari akiisoma ile karatasi anaweza kudhani misuli ya mbele ya moyo iliwahi kufa kwa kukosa damu. Mama wa watu anarudi kwake na ugonjwa asiokuwa nao. Hilo linaniuma kuliko kosa jingine lolote la kazi hii. Kwa hiyo usione haya kuhesabu kwa kidole. Funga pazia, eleza unachotaka kufanya, kisha sema, “Mama, naomba uinue ziwa kidogo nibandike hapa chini.” Ukiomba kwa heshima, utapewa nafasi ya kufanya kazi vizuri.

Ngozi nayo ina mambo yake. Joto letu la ziwani huleta jasho, na mtu aliyejipaka mafuta asubuhi atakuangushia elektrodi zote. Pangusa, kausha, ndipo ubandike. Ukipangiwa Nakuru, utapambana na baridi: mgonjwa akitetemeka, umeme wa misuli yake unajaza karatasi vijimeno. Mfunike blanketi, subiri. Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, aliwatumbukiza watu mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi ili umeme upite vizuri. Jeli ya leo inafanya kazi ileile.

Rangi za waya usizikariri tu. Kwenye mashine nyingi nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Mashine yenye waya za mfumo wa Marekani inaweka nyeupe mkono wa kulia, nyeusi wa kushoto, na nyekundu iko mguu wa kushoto! Soma herufi zilizoandikwa kwenye waya. Mchoro wa I (unaolinganisha mikono miwili) ukitoka umepinduka wote huku ule wa aVR (unaotazama moyo kutoka mkono wa kulia) ukisimama wima, kagua kama waya za mikono zimebadilishana kabla hujamwambia mtu moyo wake uko kulia.

Sasa tuje kwenye ramani ya ile fulana. Mhandisi Yoram Rudy na wenzake walichapisha kazi yao kubwa mwaka 2004: fulana inapima umeme juu ya kifua, skani ya CT inaonyesha umbo la moyo na mahali pa kila elektrodi, kisha hesabu inarudi nyuma kutoka kwenye ngozi hadi uso wa moyo. Ugumu uko kwenye huko kurudi. Simama ufuoni Dunga usiku wenye ukungu utazame taa za wavuvi wa omena: unaona mwanga mmoja uliotawanyika, na mitumbwi iliyopangwa kwa namna nyingi tofauti ingeweza kutoa mwanga huohuo. Ndiyo maana kelele ndogo kifuani huzaa kosa kubwa moyoni, na hesabu inabidi idhibitiwe kwa mbinu kama ile ya mwanahisabati Mrusi Tikhonov, inayozuia majibu yasiruke ovyo.

Inafaa nini? Mwaka 2017 madaktari wa St. Louis, Marekani, walieleza jinsi walivyoitumia, pamoja na skani nyingine, kulenga mionzi sehemu ya moyo iliyokuwa chanzo cha mapigo hatari kwa wagonjwa 5. Hata hivyo, kijana mwenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambaye moyo wake umeanza kupiga ovyoovyo, atagunduliwa kwa ECG ya kawaida ya elektrodi 10. Hao tunao wengi huku magharibi, wasisubiri fulana.

Nanyi wa uhandisi kutoka Maseno au Egerton, msingojee mashine. Someni matrisi barabara, kisha fungueni hifadhi ya EDGAR kwenye intaneti: ina vipimo vya kifuani na moyoni, na ni bure. Fanyeni hesabu mara moja na elektrodi zikiwa mahali pake. Halafu sogezeni safu nzima sentimita 2 juu, mrudie, mlinganishe ramani mbili.