Saa, themokapo na milimita moja

Mdogo wangu, umepata zamu zako za sinkrotroni, ule mtambo mkubwa unaotoa mwale mkali wa eksirei, na najua usingizi unaukosa kwa kuuwaza mwale. Mwale waachie wenyewe. Pale Grenoble, Hamburg au Argonne karibu na Chicago wapo watu ambao kazi yao ni huo tu, na eksirei zao kali hupenya milimita kadhaa za feleji. Yanayotuponza ni madogo tunayokwenda nayo wenyewe.

Safari yangu ya kwanza tulikuwa tunapoza feleji kwa kasi ya nyuzi 50 kwa sekunde, tuone ostenaiti (mpangilio wa atomi za feleji ikiwa na moto mkali) inaanza kugeuka matensaiti (mpangilio mgumu unaotokea ikipozwa haraka) kwenye joto gani. Picha zilitoka safi mno. Tulipozikalia ndipo tukagundua kuwa saa ya tanuri na saa ya kigunduzi, kile kifaa kinachopiga picha za eksirei, zinapishana, sekunde 2 au 4, hakuna aliyeandika. Piga hesabu: sekunde 2 za shaka mara nyuzi 50, ni shaka ya nyuzi 100, na joto ndilo lilikuwa swali lenyewe! Siku hizi natuma ishara moja ya umeme kwenye vinasa vyote viwili kabla sijawasha chochote.

Themokapo nayo, yaani kipimajoto cha nyaya mbili, ichomelee mwenyewe kwenye sampuli, karibu kabisa na pale mwale unapopita. Eksirei hupima nafasi kati ya matabaka ya atomi. Nafasi hiyo hupanuka kwa joto, hupanuka pia chuma kikivutwa, na kigunduzi hakitakwambia lipi ni lipi. Feleji ya kawaida hupanuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Ukikosea nyuzi 100, umejitungia mkazo wa megapaskali 250 hivi ambao haupo. (Kwenye ostenaiti kuna na kaboni, inayopanua nafasi hizo kivyake. Hiyo ni habari ndefu.)

Unga wa oksidi ya seriamu wa kusawazishia vipimo uweke palepale sampuli itakapokaa, si "karibu na hapo". Kigunduzi kikiwa mita 1 kutoka kwenye sampuli, nayo ikikisogelea au kukiacha kwa milimita 1, duara zote ambazo eksirei huchora kwenye picha hubadilika ukubwa kwa sehemu 1 katika 1,000, yaani ukubwa uleule wa kitu ulichokwenda kukipima. Na vishikio vya tanuri hutanuka vikipata moto, kwa hiyo sampuli itasogea.

Usiku wa manane utaona duara zilizokuwa laini zimekuwa madoa madoa. Kigunduzi ni kizima. Punje za chuma zimekua kwa joto, zimebaki chache mbele ya mwale. Zungusha sampuli kidogo, kwenda na kurudi, wakati picha inapigwa.