Cc 400 zinatosha kuanzia

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue pikipiki ya cc 600 ili uanze mashindano ya klabu huko Ohio kwa akiba ndogo uliyo nayo. Ninakusihi uiache kwanza, kwa sababu bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama. Kinachomaliza fedha ni matairi, na injini yenye nguvu nyingi huyala haraka, tena humfichia anayejifunza makosa yake ya kwenye kona. Tafuta Kawasaki Ninja 400 iliyotumika, ya kuanzia 2018, au Suzuki SV650, ambayo ilianza kuuzwa 1999 na vipuri vyake si vya kuhangaikia; hii ina cc zipatazo 650, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko ya zile za mashindano za cc 600. Bora zaidi ni ile iliyokwisha kuandaliwa kwa mashindano: bolti ya kumwagia oili imefungwa kwa waya isilegee, na rejeta ina maji matupu, kwa kuwa dawa ya kuzuia kuganda ikimwagika huifanya lami iteleze vibaya mno (majira ya baridi yakikaribia, yamwage maji hayo yasije yakapasua injini). Kabla ya kulipa, soma kanuni za klabu yako, maana kila klabu hupanga madaraja yake ya pikipiki zinazoshindana pamoja. Fedha itakayobaki inunulie suti ya ngozi na helmeti nzuri, na hapo tafadhali usibane matumizi.