Jibu: Chuo kina faiba ya gigabiti 1, mbona data zangu bado zinatambaa?

Habari za Dodoma, mkuu. Umesema chuo kimevuta faiba ya gigabiti 1, lakini picha zako za setilaiti, terabaiti 2, zinapanda kwenda Ulaya kwa megabaiti 11 kwa sekunde, na hazizidi hapo hata usiku wa manane.

Hiyo 11 inaniambia mengi. Baiti moja ni biti nane, hivyo laini ya megabiti 100 kwa sekunde ikijaa hutoa megabaiti 11 au 12 hivi. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtoa huduma, anzia chini ya meza yako. Kwenye Linux andika amri ya ethtool na jina la kadi yako ya mtandao, soma mstari wa Speed (kasi, kwa megabiti). Ukikuta 100, fuata kebo. Gigabiti inataka nyaya zote nane zilizo ndani ya kebo. Zikibaki nne nzima, kompyuta na swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za jengo) hushuka kwenye 100 kimyakimya. Mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe mguu wa meza ulikuwa umekalia kebo, ganda limebonyea kabisa. Nilipoweka mpya, kasi ilipanda pale pale.

Ukikuta 1000, pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kutoka maabara hadi chumba cha seva. Kasi ikiwa nzuri hapo, shuku fayawoli, yaani kifaa kinachokagua data zinazoingia na kutoka chuoni. Ombeni mashine maalumu ya kuhamishia data iwekwe ukingoni mwa mtandao, na kanuni zake za usalama, isipite njia moja na simu za wanafunzi.

Swichi zenu sizijui, tupia majibu ya iperf3 hapa tuyaone.