Kengele Imenyamaza, Mgeni Yuko Getini

Wiki hii maswali mengi yamekuwa ya kengele za mlango. Nimechagua matano, yaliyobaki yanafanana na haya.

Fundi, habari za kazi. Nyumba yetu iko Tanga, karibu na bahari. Kengele inalia "ding" tu, "dong" imepotea. Imekwenda wapi?

Imekwama njiani. Ndani ya kengele hiyo kuna koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme, na katikati yake kuna kichuma kinachoteleza. Ukiminya kitufe, koili inakivuta, kinagonga bamba la kwanza. Ukiachia, springi inakirudisha, kinagonga la pili. Chumvi ya baharini na vumbi vikikishika hakirudi, na mara nyingine utakuta nyigu amejenga humo humo. Zima umeme kwenye meni swichi, fungua, sugua kwa mswaki mkavu. Usitie mafuta ya cherehani. Najua mkono unakuwasha, lakini mafuta yatashika vumbi na utaniandikia tena.

Kama tangu ifungwe haijawahi kusema "dong", huenda haina ugonjwa. Kengele za milango miwili hutoa mlio mmoja tu kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo pengine waya imefungwa kwenye skrubu ya mlango huo.

Kengele yetu ya ukutani imekufa ghafla. Kijana wa jirani ananiambia nifungue kitufe cha getini, nigusanishe zile waya mbili. Ikilia, kitufe ndicho kibovu. Nijaribu? (Mama wa Tabata)

Subiri kwanza, mama. Kijana hajakosea sana, ila nadhani amejifunza kwenye video za Marekani. Kule kengele za nyumbani kwa kawaida hupitia kwenye transfoma, kifaa cha kupunguza volti, na waya za kitufe hubeba volti 16 hivi. Kwetu zipo kengele nyingi zinazokula volti 230 moja kwa moja, na kitufe kimekaa kwenye laini kama swichi ya taa. Ukishika waya hizo kwa vidole hutasubiri kusikia mlio.

Kwa hiyo zima meni swichi, funua kifuniko cha kengele, soma maandishi. Ukikuta 220–240V, umeme mkubwa unafika hadi getini. Ukikuta 8V au 12V, kuna transfoma mahali, mara nyingi ndani ya boksi la breka, na hapo jaribio la kijana linafaa. Washa umeme, gusanisha. Ikilia, nunua kitufe kipya. Isipolia, pima kwa mita, upande wa AC, volti zinazotoka kwenye transfoma. Hazipo wakati umeme unaingia? Transfoma imekufa, badilisha. Zipo lakini hazifiki kwenye kengele? Fuata waya. Mimi huanza na maungio ya nje, pale tepu ilipolegea mvua ikaingia na kopa ikawa ya kijani.

Kwa kengele ya 230 kitufe hupimwa umeme ukiwa umezimwa, na testa imethibitisha kwamba waya hazina kitu. Chomoa kitufe, weka mita kwenye alama ya mlio, minya. Mita ikilia, kitufe ni kizima. Kama huna mita, usibahatishe. Hiyo ni kazi ya fundi.

Naminya, naachia, lakini inaendelea kunguruma na plastiki imepata joto.

Zima sasa hivi, utasoma baadaye. Kitufe kimenasa, au mtu alikufungia swichi ya taa inayobaki chini. Koili ile imetengenezwa kwa mguso wa sekunde chache, ikishikiliwa inaungua. Swichi ya kengele hurudi yenyewe ukiachia, na huwa imechorwa alama ya kengele.

Kengele yetu isiyo na waya inalia saa nane usiku. Bibi anasema ni wachawi.

Mpe bibi shikamoo, kisha umwambie amchunguze jirani mwenye zamu za usiku. Kengele nyingi za bei rahisi hutumia masafa ya 433 MHz, na zikitumia msimbo mmoja (ile namba kitufe na kengele hutambuana kwayo), kitufe chake kinaita kwako. Toa betri ya kitufe chenu usiku mmoja. Ikilia bado, mwito ni wa nje: badilisha msimbo kama kijitabu kinavyoelekeza. Ikinyamaza, kitufe chenu kimeingia maji. Na msikibandike kwenye bati la geti, linakula mawimbi. Bandikeni kwenye nguzo.

Kaka ametuma kengele ya kamera kutoka Marekani, pamoja na transfoma yake. Fundi aifunge tu?

Kamera sawa, transfoma hapana, kama imeandikwa 120V upande wa kuingia. Kwenye 230 yetu itaungua. Nunua hapa ya kuingia 230, itoe kile kilichoandikwa kwenye kamera; nyingi hutaka volti 16 hadi 24 za AC. Usiiunge kamera kwenye waya za kengele ya zamani ya 230. Kama ina betri yake, afadhali utumie hiyo.

Kabla ya kutoboa ukuta, simama getini na simu, tumia Wi-Fi ya nyumbani, milango ikiwa imefungwa, cheza video. Ikikwama kwenye simu, kwenye kamera itakwama pia. Umeme ukikatika ruta nayo inazimika, kwa hiyo itafutie betri yake. La sivyo wageni watarudi kugonga geti kwa jiwe.