Umri wako na mguu wa baba yako mdogo

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu mama yako akinisomea, maana usiku macho yangu yananigomea. Unauliza kama miaka 31 ni mingi mno kwa mtu anayetaka kuanza na kilele cha Margherita kule Rwenzori mwezi wa saba, kisha aweke akiba mpaka afike kwenye vile vilele 14 vinavyopita mita 8,000. Hilo ni jepesi. Messner, wa kwanza kuvimaliza vyote, alimaliza 1986 akiwa na miaka 42. Hujachelewa.

Ila nikisikia jina la Messner siwazi vilele 14. Nawaza kile cha kwanza, Nanga Parbat, mwaka 1970. Alipanda na mdogo wake Günther, wakafika juu wote wawili, wakashukia upande wa pili wa mlima, na aliyefika chini ni mmoja. Mabaki ya mdogo yalipatikana 2005. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakimuuliza alimwachaje.

Mguu wa baba yako mdogo unaujua. Umekua ukisikia kwamba aliteleza kwenye volkano yetu ya Nyiragongo, na kweli aliteleza. Ambacho hukuambiwa ni mahali nilipokuwa mimi. Ilikuwa 2009, tumepandisha mizigo ya wageni wanne kutoka Kibati. Tulipoumaliza msitu baridi ikamshika, akaanza kutetemeka, akasema, "Yaya, kaka yangu, kichwa kinapasuka." Nikamwambia akae kwenye jiwe, nitarudi kumchukua. Wageni hawakunihitaji, walikuwa na wapagazi wengine. Nilitaka tu kufika ukingoni kabla giza halijaingia, niuone moto wa lile ziwa la lava ukipaka mawingu rangi nyekundu. Nami nilikuwa nimeshauona mara nyingi! Nikaketi pale, nikafurahi, nikasahau saa.

Niliporudi, jiwe halikuwa na mtu. Alijaribu kushuka peke yake gizani, kwenye mawe yale ya lava yanayobingirika chini ya mguu. Tulimpata kwa kufuata sauti, na sauti ilikuwa inaniita mimi. Mpaka leo hajaniuliza kitu. Angeniuliza, ningepumua.

Ndiyo maana nawaambia kila siku, hata mkichoka kunisikia: hesabu watu, usihesabu milima.

Mama yako anasema nakutisha kwa kosa langu mwenyewe. Huenda. Mlima haukumwacha mtu, mimi ndiye niliyemwacha. Tena karo yako ya Bukavu ilitoka kwa watu wenye hamu hiyohiyo uliyo nayo wewe. Wangebaki kwao, ningebeba mizigo ya nani? Na nikisema kweli yote, nikirudishiwa magoti yangu ya zamani, ningepanda tena mpaka ukingoni. Sasa nakukatazaje? Lakini mita 8,000 si Nyiragongo yetu ya 3,470. Kule hewa ni kama theluthi moja ya ile ya pwani, na mwenzako akikaa chini, pengine hata wewe huna nguvu ya kumnyanyua. Sanu Sherpa wa Nepal amevimaliza vyote 14 mara mbili, ya pili mwaka 2022, na kazi yake ni kuwapandisha wengine. Yeye ndiye ningetamani kuketi naye. Nisingemuuliza juu kukoje. Ningemuuliza aliwahesabuje watu wake. Ndiyo, watu, siyo milima, nimerudia tena.

Sikwambii nenda, sikwambii baki. Ulimi unaniwasha, lakini una miaka 31 na fedha ni za jasho lako. Nunua buti za mpira zilizo imara, kwa sababu Rwenzori ni matope siku nyingi kabla hujaiona barafu.

Baba yako mdogo alikuja jana, nikamsomea ujumbe wako. Alinyamaza kidogo, akauliza jambo moja tu: unapanda na nani? Niandikie jina lake nimpelekee.

Baba yako